Shada Mlangoni, Nani Amekufa?

Desemba iliyopita, siku tano kabla ya Krismasi, mama wa nyumba namba saba alibisha mlango wetu. Alikuwa amejifunga leso, mkononi pakiti mbili za sukari, na usoni ule uso wa matanga ambao kila Mkenya anaujua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Poleni sana. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna mtu. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi, akaangalia tena mlango. Pale juu ya kitasa kulikuwa na shada la maua.

"Sasa hii ni ya nini?"

"Ya Krismasi, mama."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alipomaliza alituachia pakiti moja ya sukari na kurudi na nyingine. Wenzangu niliowasimulia walicheka pia, wakidhani kichekesho ni yeye, mama wa mtaa asiyejua mambo. Mimi naona alisoma vizuri kutushinda sote. Aliona duara la matawi mabichi na maua meupe, akalielewa kwa lugha ambayo duara hilo limekuwa likiongea hapa kwetu miaka yote. Mimi niliyelitundika ndiye niliyekuwa nimeandika sentensi mbaya.

Niseme mapema kwamba nina maslahi katika jambo hili. Mathe anatengeneza mashada ya mazishi. Ana meza karibu na mochari moja hapa Nairobi, na nimekula, nimevaa na nimesoma kwa pesa za mashada. Nikiwa darasa la nne nilijua kukunja waya ukawa pete, kuuzungushia majani makavu ya ndizi, kuufunga kwa kamba ya katani, halafu kuchomeka vijitawi vya msaipresi vyote vikiangalia upande mmoja. Maua ni ya mwisho. Mara nyingi ni waridi za Naivasha ambazo hazikufikia kiwango cha kupanda ndege kwenda ng'ambo. Halafu utepe, na herufi za dhahabu zinazobandikwa moja moja: BABA. GUKA. MUME MPENDWA.

Umewahi kuwa mazishini, kwa hivyo unajua kinachofuata. Mshereheshaji anaita kwa mafungu: mjane, watoto, wajukuu, wakwe, chama, watu wa kazini. Kila fungu linainama, linaweka shada lake, linapigwa picha. Hata taifa hufanya hivyo. Jomo Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na kwa miaka mingi kila tarehe hiyo tuliwaona viongozi kwenye TV wakiweka mashada kwenye kaburi lake pale Bunge. Tukisikia "shada la maua" tunaona udongo uliochimbwa.

Mwaka 2020 serikali ilisema mazishi yawe ya watu 15. Mafungu yakaisha. Familia iliyokuwa ikichukua mashada kumi ikachukua moja, na nyingine hazikuchukua lolote kwa sababu mwili ulizikwa asubuhi na mapema na watu wakatawanyika. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nikarudi nyumbani "kwa muda." Huo muda haujaisha. Siku hizi naandika vibarua vya hapa na pale, na mathe bado ana meza yake.

Sasa, mwezi wa kumi na mbili mteja mmoja wa Kilimani, aliyeniona nimeweka picha za kazi za mathe mtandaoni, aliniuliza kama mama anaweza kumtengenezea shada la mlangoni. Nilipompelekea mathe habari hiyo, aliweka mkasi chini.

"Mlangoni? Mwulize kwanza nani amelala ndani."

Ilinichukua siku mbili na ahadi ya shilingi 2,500 kumshawishi. Alitengeneza mawili, moja la mteja na moja la kujaribia. La kujaribia ndilo lililomleta mama wa namba saba na sukari.

Ili kumwonyesha mathe kinachotakiwa, nilitazama video za kufundisha kutengeneza mapambo ya Krismasi. Nilitazama nyingi mno. Naziita aina ya fasihi na sitanii, kwa sababu zina kanuni zake kama hekaya. Kuna mikono misafi bila uso. Kuna meza ya mbao na piano ya polepole. Pete ya vijiti. Koni za msonobari zilizopakwa rangi nyeupe kwenye ncha ili zionekane zimeangukiwa na theluji. Vitunda vyekundu vya plastiki, gundi inayoyeyushwa kwa moto. Mwisho wake haubadiliki: shada linatundikwa kwenye mlango mkubwa unaotazama barabara, na mlango unafungwa taratibu ili tulione lote.

Hapo kwenye kufunga mlango ndipo nilipoelewa kwa nini mambo haya hayakai vizuri kwetu. Shada la mlangoni linahitaji mlango uliofungwa. Linaongea na mpita njia aliye nje, kwenye baridi, na kumwambia kuwa ndani kuna joto. Katika ploti yetu mlango unafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, unaegemezwa ukutani, na hadi usiku kinachoonekana ni pazia. Shada letu lilishinda likitazama ukuta. Mama wa namba saba aliliona kwa sababu siku ile nilikuwa nimejifungia niandike.

Kwa hivyo kosa la kwanza la video hizi ni la umbo. Zinafundisha pambo la nyumba fulani kana kwamba ni la nyumba zote. Mtu anayeishi chumba kimoja anamaliza kubandika koni zake, anainua macho, anakuta hana mahali pa kulitundika. Analipiga picha sakafuni, mwanga wa dirisha ukisaidia. Nimeona picha hizo. Shada liko kwenye vigae, halina mlango.

Ni rahisi hapa kupiga ile kelele ya kawaida: si yetu, ni ya wazungu, tuache. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuiandika, nikaifuta. Tukianza kukagua pasipoti za mapambo hakuna litakalobaki. Msaipresi, ambao nusu ya watoto wa bara waliukata kwenye ua wa jirani wakauita Christmas tree, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Waridi ndiyo tusiseme. Hata ule mti unaowaka maua mekundu msimu wa Desemba, ambao watu wengine wa Pwani na Tanzania wanauita mkrismasi, asili yake ni Madagaska. Lakini angalia kilichofanyika kwenye jina hilo. Watu waliutazama mti, wakaona unachanua lini, wakaupa jina la siku. Hawakumwomba mtu ruhusa, wala hawakupaka kitu rangi nyeupe.

Utotoni kwetu tawi la msaipresi lilisimama ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliojazwa mawe. Lilivishwa puto, karatasi za rangi na pamba ya dukani iliyochanwa vipande. Pamba ilikuwa theluji, na theluji pekee tuliyowahi kuigusa ilikuwa ya friji ya mwenye ploti. Theluji ya Kenya iko juu ya Mlima Kenya, na hata huko barafu inapungua. Kadi zilitundikwa kwenye uzi kutoka msumari mmoja hadi mwingine. Ikifika mwaka mpya tawi lilikuwa limekauka, linaangusha vijani kwenye uji wetu, na mathe analitupa nje. Ilikuwa mbaya kwa macho, nakubali. Lakini ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Mwisho huo ndio ninaotaka kuutetea.

Kuna shada moja linalonisaidia kulieleza jambo hili. Mwaka 1839, huko Hamburg, Ujerumani, mchungaji wa Kilutheri aitwaye Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika makao aliyoyaanzisha. Inasimuliwa kwamba watoto walimsumbua kila siku: Krismasi imefika? Imefika? Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa, midogo myekundu ya siku za kawaida na minne mikubwa myeupe ya Jumapili za Majilio. Kila siku mmoja zaidi uliwashwa, na watoto wakaweza kuhesabu wenyewe. Matawi ya kijani yalikuja kuongezwa baadaye. Hilo ndilo babu wa mashada ya Majilio yanayowashwa makanisani leo.

Ukiiondoa theluji na piano, hiyo ni habari ya mtaa wetu kabisa. Mtu mzima asiye na pesa, watoto wasiotulia, kipande cha mkokoteni. Na angalia kazi ya lile pambo: lilikuwa saa. Lilikuwa linaungua. Lingekuwa na mishumaa isiyoisha, wale watoto wasingejua siku ni ngapi.

Pwani wanalijua hili bila kuambiwa na Mjerumani. Kikuba cha asumini, mrehani, mkadi na vilua kinatungwa leo kwa ajili ya usiku wa leo. Bibi harusi anakivaa, chumba kinanukia, na kesho asubuhi asumini imegeuka rangi ya chai. Hakuna anayelalamika kwamba pesa zimepotea. Kunyauka kwake ni sehemu ya thamani yake: mtu aliketi mchana mzima akatunga kitu ambacho alijua hakitaamka. Anayekipokea anajua hilo pia.

Sasa linganisha na shada la plastiki kwenye majumba ya maduka. Simcheki aliyelinunua. Shilingi 1,200 mara moja, ulitumie miaka mitano, hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili katika mji huu. Lakini kama pambo la msimu limeshindwa kazi yake, na sababu ya kushindwa ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye boksi kama sifa: halinyauki. Kuna mlango naupita kila siku nikienda steji, una shada la plastiki tangu Krismasi ya mwaka juzi. Limekula vumbi la jua na la mvua. Nina hakika hata mwenyewe halioni tena. Pambo la msimu lisiloisha si la msimu, limekuwa kama bomba la maji au mita ya stima.

Na video zile, pamoja na uzuri wake wote, zinaelekea huko huko. Kazi ya mikono, ndiyo, lakini mikono inabandika plastiki ili idumu. Zinachukua jina la kutengeneza na kuacha kinachofanya kutengeneza kuwe na maana. Mathe alipoona moja, swali lake lilikuwa moja tu: "Hii sasa atamfanyia nani?" Sikuwa na jibu. Katika video hakuna anayefanyiwa. Katika maisha yake yote mathe hajawahi kutengeneza shada ambalo hakujua ni la nani. Hata kabla ya kukunja waya huuliza jina, kwa ajili ya herufi.

Ukiniuliza mapambo ya mikono ya Krismasi ya kwetu ni yapi, basi, sitataja shada. Nitakuonyesha vitambaa vya viti. Unavijua: vimefumwa kwa krochia, vyeupe au rangi ya maziwa, vimekaa mgongoni mwa kochi kama watoto wa Sunday school. Mwaka mzima ni vile vya kila siku. Tarehe 23 vinatolewa vile vizuri, vinafuliwa, vinapigwa pasi, pazia la mlango linabadilishwa, na ghafla chumba kile kile kimekuwa Krismasi. Tarehe mbili Januari vinarudi sandukuni. Hakuna aliyevitengenezea video ya piano, na kila kimoja kina jina la mtu aliyekifuma na mwaka aliokuwa akisubiri mtoto gani. Kitambaa hakinyauki, najua. Lakini kinaondoka, nacho kikiondoka sebule inajua.

Lile shada letu la kujaribia halikuwa na utepe. Nilimwuliza mathe kwa nini, akasema utepe ni wa jina, na hapa hakuna aliyekufa. Nadhani huo ndio uhariri mzuri zaidi niliouona mwaka ule. Aliondoa neno moja akidhani maana yote itabadilika. Haikutosha kwa mama wa namba saba, lakini ilikuwa imeanza kutosha. Mteja wa Kilimani alifurahi, akatuma picha: mlango mkubwa, umefungwa, shada katikati. Lilipendeza. Sitasema uongo.

La kwetu lilikaa siku kumi na nne. Waridi ziliinama kwanza, halafu msaipresi ukawa wa kahawia. Wiki ya kwanza ya Januari mathe alilishusha, akang'oa vilivyokauka akavitupa, akaunyoosha waya kwa goti lake na kuukunja upya. Kulikuwa na oda ya asubuhi. Aliniita nimsomee jina kutoka kwenye simu, herufi moja moja, akiwa amezishika zile za dhahabu kiganjani.