Foto moja haitoshi kumpa tai jina

Wandugu, aplikasio ya iNaturalist imeingia sana katika telefone za maagronomu wenzetu, na mimi niko upande wa wale wanaoisifu. Unatuma foto, inakuletea majina, kisha watu wengine wanakubali ao wanakataa. Kwa ua ao kipepeo, mara nyingi inatosha. Kwa ndege wawindaji, hapo njo shida inaanza, na sehemu kubwa ya shida inatoka kwa foto tunazoipa.

Ndege amesimama juu ya mti wa mbali, anga nyuma yake ni nyeupe: foto inatoa kivuli tu. Rangi imepotea, na ukubwa haupimiki juu hakuna kitu cha kulinganisha. Mashine inapendekeza, mtu anachukua jina la kwanza. Wa pili anaona lile jina, naye anabonyeza kukubali. Kwa kanuni ya aplikasio, watu wawili wakipatana, na foto ikiwa na tarehe na mahali, inaweza kupanda daraja la kufaa kwa utafiti. Lakini kama wote wawili wamefuata mashine, hawa si mashahidi wawili. Ni mmoja ameongea mara mbili.

Angalia mwewe. Wengi wanasema: mdomo wa njano ni wa kwetu, mdomo mweusi ni yule anayetoka Ulaya wakati wa baridi yao. Sawa, lakini kijana wa mwewe wa kwetu naye ana mdomo mweusi! Foto ya kichwa peke yake hapo inadanganya. Ama Buteo augur wa milima yetu ya Kivu: mzima ana mkia mwekundu, kijana ana mkia wa kahawia, na kuna wengine weusi tumbo lote. Ukiwaona utasema ni ndege watatu, kumbe aina ni moja.

Kwa nini agronomu ajisumbue? Juu mkulima anaua. Lophaetus occipitalis, tai mweusi mwenye kishungi kirefu, anapenda kukaa kwenye mikaratusi kando ya mashamba, na chakula chake kikubwa ni panya, wale wale wanaokula mahindi yetu. Astur melanoleucus, zamani Accipiter melanoleucus, yeye kweli anakamata kuku. Wapige foto kwa mgongo, mbali, upepo umelaza kile kishungi: wote wawili ni "ndege mweusi wa kuku". Tukimpa mkulima jina baya, analipa mlinzi wa shamba lake.

Foto ya ndege akiruka, hata kama si nzuri, mara nyingi inashinda ile ya kupendeza akiwa amekaa: yule tai wa kishungi anaonyesha madoa makubwa meupe katika mabawa, na mkia wenye mistari. Ongeza foto mbili tatu, na useme alikuwa anakula nini.

Aplikasio inakuruhusu pia kuishia kwa jenasi, bila kutaja aina. Kwangu hiyo njo sifa yake kubwa, na njo ile tunaitumia kidogo zaidi. Lisensie anaona haya kuandika "Accipiter" tu.

Na ile tabia ya kuchukua foto iliyopita kwa WhatsApp, tuiache. Tarehe na mahali havimo tena ndani yake. Mwombeni mwenye foto atume ile ya kwanza, ya telefone yake.