Mitatu Mbele ya Miwili: Namna ya Kuandika Ndani ya Hadithi ya Mwingine

Miongoni mwa watu wa Malindi, Mambrui, Watamu na Kilifi wamo ambao, wakisha kutoka kazini na kuswali isha, hukaa faraghani wakaandika kwa raha ya nafsi zao, pasi na kutaraji ujira wala mchapishaji, hadithi ambazo mashujaa wake hawakuwabuni wao: huyu humrejesha Fumo Liyongo msituni akampa safari ambayo wazee hawakuisimulia, yule humwandikia Mekatilili wa Menza maneno aliyoyanena usiku ambao hakuwapo mwandishi, na mwingine humchukua mtu wa sinema aliyempenda akampitisha kivuko cha zamani cha Kilifi. Marekani jambo hili lina desturi yake na majarida yake, na tangu 1967, lilipotoka jarida la Spockanalia la wapenzi wa Star Trek, hadithi za mashabiki zimekuwa bahari isiyo ufuko. Lakini mtu wa pwani hii akitaka kuijua kazi hii inavyotendwa barabara hana haja ya kwenda mbali, maana tunayo takhmisi, nayo ni skuli ya kale na kali kupita zote nizijuazo.

Itazame kwanza ilivyoundwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, yule aliyetunga Al-Inkishafi, na ambaye umri wake ulikata karne ya 18 ukaingia kidogo ya 19, aliutwaa wimbo unaonasibishwa na Liyongo, mtu aliyemtangulia kwa karne kadhaa, na kila penye mishororo miwili ya Liyongo akaongeza mitatu ya kwake, ukawa ubeti wa mishororo mitano. Na kazi hiyo Edward Steere aliichapa London mwaka wa 1870 katika kitabu chake cha Swahili Tales, pamoja na hadithi ya Liyongo mwenyewe. Mshororo mmoja una mizani 15, wenye kutua baada ya mizani ya 6 na tena baada ya ya 10. Mitatu iliyoongezwa sharti ifuate kina cha mshororo wa kwanza wa asili, hata minne iitikiane, na wa tano peke yake ubebe kina kinachoendelea utungo mzima. Na sharti lililo kubwa kuliko yote ni hili, ambalo aghalabu husomwa likapitwa: mitatu mipya hukaa mbele, na miwili ya asili huja nyuma. Mgeni ndiye afunguaye mlango, na mwenye nyumba ndiye mwenye neno la mwisho.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, na lisibaki maelezo matupu, nimetunga mishororo miwili, tuifanye kuwa ndiyo asili:

Upepo wa kusi umeanza tena kuvuma,
nami ningaliko nchi kavu, sijaondoka.

Ikikaa hivyo peke yake, mishororo hii haisemi mengi. Ni mtu aliyechelewa, na sababu hatuijui. Sasa na aje mkhamisi wa kwanza, yaani mtunzi wa takhmisi, aiongeze:

Chombo ki tayari, tanga juu, nahodha hima;
ila kitandani yuko hoi mzazi mama,
kashika mkono, hauwati wala kusema;
upepo wa kusi umeanza tena kuvuma,
nami ningaliko nchi kavu, sijaondoka.

Kisha na aje wa pili, mwenye tabia nyingine:

Nalinena mimi hadharani kwamba nahama,
kaaga jamaa na rafiki kwa taadhima;
hofu ya bahari moyo wangu ikauzima;
upepo wa kusi umeanza tena kuvuma,
nami ningaliko nchi kavu, sijaondoka.

Hapana herufi iliyobadilika katika mishororo miwili ya asili, walakini mtu anayesimama pale nchi kavu si yule yule. Wa kwanza ni mwana anayetimiza haki ya mamake, na upepo kwake ni mtihani. Wa pili ni mtu aliyefedheheka mbele ya mji, na upepo huo huo unamshuhudia. Hata lile neno "tena", ambalo katika asili halikuwa na kazi kubwa, kwa wa kwanza limekuwa majira yanayompita mtu akiwa kitandani pa mgonjwa, na kwa wa pili limekuwa mwaka mwingine wa aibu. Nguvu yote ya kuandika ndani ya kazi ya mwingine imo humu: kuyageuza maneno yake bila ya kuyagusa, kwa kumfikisha msomaji kwenye maneno hayo kwa njia ambayo hakuipita zamani.

Taabu zake pia zimo humu humu. Mtunzi aliye huru huchagua kina apendacho, na kikimshinda hukiacha akatwaa kingine. Mkhamisi amechaguliwa kina na mtu aliyekwisha kufa, na kikiwa kina kigumu hana wa kumlalamikia. Hesabu ya mizani humbana, lakini mizani ni taabu ndogo, ijifunzwayo kwa masikio. Kubwa ni sauti. Liyongo alikuwa mtu wa uta, wa gungu na wa majivuno ya kiungwana, na wimbo wake unasema "mimi". Sayyid Abdalla ni mtu aliyeutazama mji wa Pate ulivyoanguka akaiambia roho yake iyaache ya dunia. Mtu kama huyu akisema "mimi" kwa mishororo mitatu, kisha Liyongo akaitika "mimi" kwa miwili, mshono usionekane, basi amekwisha kuivaa nafsi isiyo yake bila ya kuivua ile iliyo yake, na sidhani kwamba katika fani ya uandishi iko kazi inayotaka unyenyekevu zaidi. Nami naona kwamba hapo ndipo ilipo ladha yake, na kwa ajili ya ladha hiyo mtu huacha usingizi.

Mwimbaji Juma Bhalo, aliyetutoka 2014, aliijua ladha hiyo kwa upande wa sauti. Alitwaa lahani za sinema za Kihindi, ambazo watu walikwisha kuzikariri, akazitia maneno ya Kiswahili yaliyopimwa mizani. Na waliokuwa wakimsikiliza harusini walifurahi mara mbili, mara kwa wimbo waliokuwa wakiusikia, na mara kwa ule waliokuwa wakiukumbuka. Msomaji wa hadithi za mashabiki ni wa namna hiyo. Amekuja naye anajua. Huwezi kumshangaza kwa kwamba Liyongo atakufa kwa sindano ya shaba mkononi mwa mwanawe, kwa kuwa tangu utoto amelisikia. La kumshangaza ni namna utakavyomfikisha hapo. Na msomaji huyo ndiye hakimu mkali kupita wote, maana ukimtia Liyongo neno lisilo lake atakwambia hapo hapo barazani kwamba Liyongo hasemi hivyo, wala hatakupa hoja, na aghalabu atakuwa amesema haki.

Tuziache hadithi za watu wengine tuitazame hii ya Liyongo kwa karibu, kwa kuwa ni mfano mwema wa kujua panapoongezeka na pasipoongezeka. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake juu ya shujaa huyu mwaka wa 1913, na mwendo wa hadithi ni huu ujulikanao: Liyongo yumo gerezani, kijakazi Saada anamletea chakula, mamake anaoka mikate, na mmoja katika hiyo ni wa wishwa, umetiwa tupa ndani, walinzi wanakula mizuri na kumwachia mfungwa ule mbaya, usiku watu wanacheza gungu, na vishindo vya ngoma vinafunika mlio wa tupa juu ya chuma, Liyongo anatoka.

Waandikao kwa mara ya kwanza hupenda kuongeza mwishoni. Humfufua Liyongo, humvusha mto wa Tana, humpa kisasi. Nimesoma za namna hii zilizoandikwa kwa Kiswahili fasaha, na zote zina upungufu mmoja, nao ni kwamba zimemnyang'anya msomaji kile kilichompendeza tangu mwanzo, yaani yule mtu aliyepiga magoti karibu na kisima, mshale umo utani, amekufa na watu wote wanaamini yu hai, hata hapana anayethubutu kwenda kuteka maji. Ukiiondoa picha hiyo umeandika hadithi nyingine, na Liyongo amebaki jina tu. Lakini mtazame mtu anayeongeza mbele. Anaingia jikoni na mamake Liyongo. Anauliza: unga mwema wameupata wapi na siku zile ni za msiba? Wishwa umechekechwa na nani, na kwa nini mwanamke huyo asishangae? Tupa ina urefu gani, na mkate uwe mnene kiasi gani hata usipasuke ukiokwa, siri yake ikaonekana? Halafu njiani anakwenda na Saada, ambaye katika hadithi ile tuliyoirithi ni mwenye kutumwa tu, akifikisha mkate kazi yake imekwisha. Naye akifika mlangoni, walinzi wakainyoosha mikono kwenye kapu, Saada anajua kilicho ndani au hajui? Kama anajua, kimya chake ni ushujaa uliokaribia ule wa Liyongo mwenyewe. Kama hajui, basi watu wawili wenye kumpenda mfungwa wamemhatarisha mtu wa tatu bila ya kumwambia. Mwandishi achague moja, aandike kurasa kumi, na walinzi watakapoula mkate mweupe na kumwachia mfungwa ule wa wishwa, kama walivyofanya siku zote katika simulizi, tukio hilo tulilolisikia mara mia litatushika pumzi.

Yako mambo ya pwani yetu yasiyoingia katika fani hii ijapokuwa yanavuta moyo. Gede ni moja. Pana kaburi lenye tarehe ya mwaka wa 802 wa Hijria, ambao ni 1399, pana jumba la kifalme, misikiti na visima, na tangu James Kirkman alipoanza kuchimbua mwaka wa 1948 wataalamu wameeleza mengi juu ya vyombo na kuta; lakini hapana mtu wa Gede ambaye maneno yake tumerithi. Anayeandika juu ya Gede anatunga riwaya, na riwaya ina sharia zake. Mkhamisi hutaka mishororo miwili iliyokwisha kusemwa.

Mekatilili anayo miwili hiyo, nayo ni migumu. Mwaka wa 1913 aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo wakala viapo wasitoe vijana wao kufanya kazi ya Waingereza; Oktoba mwaka ule alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka. Kisha wakaonekana kwao tena. Baina ya kutoroka na kuonekana pana mamia ya maili, na waandishi wetu wa Kilifi wanaipenda safari hiyo kuliko jambo jingine lolote, nami nawapa haki, ila nina manung'uniko. Katika nyingi nilizosomewa mna simba, mna askari wanaofukuza kwa farasi, mna miujiza, miguu hamna. Mekatilili hakuwa msichana. Aliyekwisha kuwa mtu mzima akitembea siku nyingi juu ya mawe, unyayo wake ndio hadithi, na jioni ya siku ya tatu lazima kuwe na suala la nani amtoe mwiba. Januari ni kiangazi katika nyika: maji yako wapi? Ukambani akiomba maji pengine atafahamika, maana lugha zao ni za jamaa moja. Akipita kwa Wamasai ataomba kwa lugha gani, na kwa heshima ipi, yeye ambaye kwao alikuwa akinena watu wakanyamaza? Na Wanje je, wawili hao waligombana mara ngapi juu ya njia?

Jingine ni adabu. Liyongo ni wa watu wote na hana wa kumwonea haya. Mekatilili kaburi lake liko Bungale, Magarini, na jamaa zake wako hai. Mwandishi hana idhini ya kumtia kinywani maneno yanayokanusha yale yaliyoshuhudiwa, wala kumpa mapenzi ya kubuni ili kurasa ziwe tamu. Hiyo pia ni mizani, japo haihesabiwi kwa silabi.

Basi safari ile nashauri iandikwe kwa mwendo wa takhmisi, siku baada ya siku, kila siku na kiu yake na mwenyeji wake, na kalamu isimame wanapoanza kuiona mibuyu ya kwao na kusikia mtu wa mbali akimkemea mbuzi kwa Kigiriama. Kufika kwao, hotuba zilizofuata na kukamatwa tena Agosti ya mwaka ule ule ni mishororo ya asili, imekwisha andikwa, na msomaji wa Kilifi anaijua kwa moyo.