Uzio wa Nyuki Mang'ula: Unavyofanya Kazi na Unapovuja

Mang'ula, kwenye barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, mashamba ya mpunga na mahindi yamepakana moja kwa moja na msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Tembo akitoka msituni, ameshaingia shambani. Mkulima anayekesha dunguni na tochi na debe anaweka rehani uhai wake kwa magunia machache. Ndiyo maana uzio wa mizinga ya nyuki, uliojaribiwa hapa upande wa Njokomoni, unastahili kuchunguzwa kwa makini.

Wazo lilitoka Kenya. Mwaka 2007 mtafiti Lucy King na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio: familia 17 za tembo, zikiwa zimepumzika kivulini, zilichezewa sauti iliyorekodiwa ya nyuki waliochokozwa. Familia 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humuuma kando ya macho na ndani ya mkonga.

Ujenzi wa uzio wenyewe ni rahisi. Mizinga hutundikwa kati ya nguzo, ikipishana na mizinga ya bandia ya mbao kila baada ya mita 10 hivi, na yote huunganishwa kwa waya. Waya huo hauna nguvu ya kumzuia tembo, wala haukukusudiwa hivyo. Akiusukuma kwa kifua, mizinga huyumba na nyuki hutoka.

Basi kinacholinda shamba ni nyuki, na hapo ndipo uzio unapovuja. Kundi huhama maua na maji yakikosekana, siafu hupanda nguzo zisizopakwa grisi, na nyegere hubomoa mzinga kwa ajili ya asali. Tembo nao hupenda kuja usiku, nyuki wakiwa wametulia, na wakikuta uzio umeishia njiani huuzunguka na kuingia kwa jirani. Kwa maoni yangu, anayekagua asihesabu nguzo. Ahesabu mizinga yenye nyuki, kisha aulize ni nani anayeihudumia na kama asali inamlipa.

Anayepita kwa miguu, uzio haumsaidii. Yeye asubiri kupambazuke, atembee na wenzake wakizungumza kwa sauti, na akikuta kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa punde, arudi alikotoka.