Jicho la Rubani wa Glaida na Kioo cha Usoni

Rubani wa glaida, yaani ndege isiyo na mtambo, mara nyingi hupandishwa na hewa iliyopashwa moto na ardhi, naye akiipata huizunguka kwa kulalia ubavu, duara moja kwa sekunde ishirini hivi, na aghalabu hayumo peke yake, kwani wenziwe wakimwona anapanda nao huja kuingia humo humo. Hapo ndipo lilipo shina la mas'ala haya: macho yatakiwa nje, na habari ziko ndani, kwenye ubao wa ala ulio mbele ya magoti. Glaida mbili zikielekeana, kila moja kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, hukaribiana kwa mita 83 kila sekunde. Aliyeinama sekunde tatu kusoma mshale huinua uso masafa yamekwisha pungua mita 250.

Dawa ya kwanza ilikuwa rahisi kupita zote. Ndugu Wright, katika glaida yao ya 1902, walifunga uzi mbele yao, na upepo ulipoupeperusha ukawaonyesha kama chombo chaenda sawa au chaenda upande. Hata leo uzi wa sufu hubandikwa juu ya kifuniko cha kioo, na rubani huuona bila ya kuutafuta. Dawa ya pili ilipitia masikioni. Variomita, ala ipimayo kupanda na kushuka, iliingia katika glaida mwishoni mwa miaka ya 1920: ina chupa mfano wa chupa ya chai, na ndege ikipanda kanieneo ya nje hupungua, hewa ya chupani ikatoka kwa tundu jembamba, na kasi ya kutoka kwake ndiyo isogezayo mshale. Baadaye mshale ukapewa sauti, na kwa rai yangu hapana chombo kilichowafaa marubani hawa kuliko mlio huo usiodai jicho hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kioo. Ubao wa ala uko kiasi cha sentimita 70 kutoka usoni, na mawingu yako kilomita kadhaa, kwa hiyo jicho lishukapo na kupanda hulazimika pia kujikaza na kulegea, kazi ambayo mtu wa miaka hamsini huifanya kwa uzito. Howard Grubb wa Dublin alikwisha kulitatua jambo hili mwaka 1900, japo kwa ajili ya shabaha za bunduki: aliiweka alama yenye nuru mahali lenzi inapokusanyia miale, ili miale itoke sambamba, kisha akaiakisi kwa kioo kiangavu kilichoinamishwa, na alama ikaonekana kama iko mbali kusiko na mwisho. Ndege za kivita zilirithi hila hiyo. Katika glaida, walakini, rubani amelala nusu chali, kifuniko kiko karibu na kichwa chake, umeme wote ni wa betri, na nyuma ya maandishi liko wingu jeupe liwakalo jua, lenye kufuta kila nuru dhaifu.

Ndipo fikira zikageukia kioo cha kuvaa. Miwani ya Google ya 2013 iliiweka picha juu ya jicho la kulia, nao walioitengeneza wakailinganisha na skrini ya inchi 25 itazamwayo kwa umbali wa futi 8. Shida iliyobaki ni shingo. Tangu 2004 chombo cha FLARM cha Uswisi huziwezesha glaida kupashana kwa redio mahali na mwelekeo wake, na onyo lake lingeweza kuandikwa kwenye kioo hicho. Lakini picha ivaliwayo huenda kila kichwa kiendako, na kusema "kulia" hakuna maana mpaka ijulikane ni kulia kwa ndege au kwa uso uliogeuzwa. Vihisio vya miwanini, peke yavyo, havibainishi kugeuka kwa shingo na kugeuka kwa ndege, tena ndege ambayo kutwa kazi yake ni kuzunguka. Hapana budi vifungwe vingine kwenye ndege yenyewe, na tofauti baina yao ipigiwe hisabu.

Tena maandishi yaliyo mbele ya macho yaweza kuiteka akili: mwaka 1980 watafiti wa NASA waliwarusha marubani wa ndege za abiria katika mashine ya kuigiza, maandishi yakielea mbele ya macho yao, na baadhi wakaendelea kutua bila ya kuiona ndege nyingine iliyokuwamo njiani. Kwa hiyo hukumu yangu ni ya ubahili: kupanda na kushuka kuachiwe masikio, kwenda upande kuachiwe uzi, na kioo cha usoni kikae kitupu, illa glaida nyingine inapokuja, na hapo kionyeshe upande inakotokea, kisionyeshe kingine.