Aibu ya Bibi, Adhabu ya Mjukuu

Kitabu tunachokipima leo ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Aliitoa kwa Kiingereza mwaka 2005, jina lake Desertion, maana yake kumwacha mtu na kwenda zako. Wenye kusoma Kifaransa wataipata kwa jina la Adieu Zanzibar.

Hadithi yaanza mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya. Alfajiri, Hassanali mwenye duka aenda msikitini kuadhini, amkuta Mzungu aliye hoi, Martin Pearce. Ampeleka nyumbani kwake. Humo yumo dada yake Rehana, ambaye baba yake alikuwa Mhindi na mama yake mtu wa pwani, naye mumewe alikwisha kumwacha. Baadaye Martin na Rehana wapendana, wakaa pamoja, kisha Mzungu arudi kwao. Rehana abaki na mtoto.

Miaka zaidi ya hamsini yapita. Huko Unguja kijana Amin ampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazazi wa Amin ni waalimu wote wawili, watu wa heshima, wanaowapenda watoto wao. Hata hivyo, kwa ajili ya sifa ya bibi yule, wakataza. Amin atii.

Hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Mtungaji hakutupa mtu mwovu wa kumlaumu. Waliofunga mlango ni watu wema. Martin alimwacha Rehana mara moja, lakini majirani waliendelea kumwacha katika mtoto wake na mjukuu wake. Kuwatii wazazi ni jambo jema. Lakini Jamila alikosa nini?

Ila moja twaiona: Rehana mwenyewe hasemi vya kutosha. Mapenzi yake na Martin yasimuliwa na Rashid, ndugu yake Amin aliye Uingereza, naye akiri kwamba hajui yalivyotokea. Huenda ndivyo aibu inavyofuta habari. Lakini twalitamani neno la mama huyo.

Sisi wa Kongo jambo hili latugusa. Zamani za Wabelgiji, watoto wengi wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa mama zao. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels iliitia hatiani serikali ya Ubelgiji, kwa mashtaka ya wanawake watano waliopelekwa utotoni katika misioni ya Katende, Kasai. Ilikuwa misioni, wasomaji; tusilipite neno hilo upesi. Na hapa Bunia, katika vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, mtoto wa baba Mhema na mama Mlendu alijua uchungu wa kuulizwa: wewe ni wa nani?

Kitabu hiki chawafaa watu wazima. Hasa twawasihi wakisome wazazi wenye kijana anayetaka kuoa, kabla hawajaanza kuuliza habari za bibi wa mchumba.