Istilahi "Programu Sambamba"

Mwanafunzi wa jometri hufundishwa kwamba mistari sambamba haikutani kamwe. Programu sambamba, katika kompyuta ambayo prosesa zake zinatumia kumbukumbu moja, hukutana na kungojana. Tuchukue mfano wa wachumaji pamba wa Ibadakuli: shamba hugawana, mizani ni moja. Ikiwa kupima huchukua sehemu ya kumi ya kazi yote, hata wakiongezwa elfu, kasi yao haitazidi mara kumi ya mchumaji mmoja. Ndiyo hoja aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967. Basi akadiriaye kasi kwa kuhesabu prosesa tu amepotoshwa na jina. Hatudai jina lifutwe, kwani limekwisha kuzoeleka. Twapendekeza fasili yake itaje kungojana huko.