Jicho la Fundi na Wino Uliokauka

Katika soko la Kola, lililo kando ya barabara itokayo mji wa Machakos, nchini Kenya, kwenda Wote, kazi ya kutoa picha kwenye karatasi imehamia katika vyumba vidogo ambamo printa ya wino hukaa meza moja na mashine ya fotokopi na huduma ya kutuma pesa kwa simu, na mara nyingine imehamia majumbani kabisa, ambako printa hiyo huwekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Wateja ni walewale wa miaka yote: mzazi anayehitaji picha za pasipoti za mtoto wa shule, maharusi, na zaidi ya wote familia iliyofiwa, inayotaka picha kubwa ya marehemu ipatikane kabla ya siku ya mazishi. Mbele ya watu hawa fundi hapimwi kwa ukubwa wa mashine yake, bali kwa uwezo wa kuitazama picha iliyoharibika na kutambua, kabla hajagusa kitufe chochote, mahali ambapo mashine inaugua.

Uwezo huo huanzia usoni mwa mtu. Printa za picha zilizoenea katika vibanda vya aina hii, kama Epson L805, hutumia wino wa rangi sita, yaani nyeusi, njano, sayani ambayo ni buluu inayoelekea kijani, majenta ambayo ni wekundu unaoelekea zambarau, pamoja na sayani hafifu na majenta hafifu zilizoongezwa ili sehemu zenye mwanga, kama paji la uso na mashavu, zisionekane kuwa na chembechembe. Majenta ikikatika, uso huwa wa kijani kama wa mgonjwa. Njano ikikosekana, ngozi huingia ubuluu na uzambarau. Sayani ikipungua, mtu huonekana mwekundu kana kwamba amesimama karibu na moto. Ngozi nyeusi haisamehe kosa lolote kati ya haya, kwa kuwa uzuri wake katika picha umo katika tofauti ndogo sana za hudhurungi ambazo upungufu wa rangi moja tu huzifuta, na ndiyo maana fundi wa Kola, ambaye amezitazama nyuso za aina hiyo tangu alipoanza kazi, ana kipimo ambacho viwanda vikubwa vilichelewa kukipata. Inafaa ikumbukwe kwamba kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zilizoitwa kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na kwamba kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana.

Hata hivyo jicho la fundi hodari haliridhiki na dhana. Baada ya kuusoma uso, huchapa karatasi ya majaribio ya matundu, ambayo ni safu za vistari vyembamba vya kila rangi, na kila kistari huwakilisha tundu moja katika kichwa cha printa, yaani kile kifaa kinachopita juu ya karatasi kikirusha matone ya wino. Katika L805 kila rangi ina matundu 90, na tone dogo kabisa lina ujazo wa pikolita 1.5, pikolita ikiwa lita moja iliyogawanywa mara trilioni, kwa hiyo si ajabu kwamba punje ya vumbi isiyoonekana huweza kulizima tundu na kuacha mchirizi mweupe kutoka ukingo hadi ukingo wa picha. Vistari vyeusi na vya majenta husomeka kwa urahisi hata na mtoto. Vya njano ndivyo vinavyomtenga fundi na mbahatishaji, kwa sababu njano juu ya karatasi nyeupe hupotea machoni, na anayeharakisha husema kwamba vyote vipo wakati theluthi yake haipo. Mwenye subira huipeleka karatasi mlangoni, huilaza kidogo ili mwanga upite juu yake kwa mshazari, au huitazama kupitia kipande cha ganda la peremende la buluu, ambalo huzuia mwanga unaorudishwa na njano na kuvifanya vile vistari vionekane vyeusi. Hapo pengo hujitokeza waziwazi, na kazi inaweza kuanza.

Maradhi yenyewe, katika mazingira ya Ukambani, eneo ambamo Kola imo, hutokana mara nyingi na ukavu. Kati ya mwisho wa masika na kuanza kwa vuli hewa hukauka, vumbi huingia kila mahali, na wino uliobaki katika mdomo wa tundu hugeuka gamba. Watengenezaji walilijua jambo hilo, wakaweka pembeni mwa mashine kifuniko cha mpira ambapo kichwa hurudi kujiziba kila kazi inapokwisha. Lakini kichwa hujiziba kwa uhakika pale tu printa inapozimwa kwa kitufe chake chenyewe, na anayechomoa waya ukutani kabla hakijarudi hukiacha wazi njiani. Umeme ukikatika katikati ya kazi, matokeo ni yaleyale, na fundi mwangalifu huiwasha tena printa mara umeme unaporudi, hata kama hana cha kuchapa, ili kichwa kipate kurudi nyumbani kwake.

Kuna pia usafishaji wa kichwa, ambao ni utaratibu wa mashine kunyonya wino kwa nguvu kupitia matundu yote na kuumwaga katika sponji iliyofichwa chini yake. Dawa hii ina kiasi. Fundi huitumia mara moja, hupima, hurudia, hupima tena, na ikifika mara ya tatu bila nafuu huiacha mashine ipumzike usiku kucha, kwa kuwa muda huo huyapa mapovu ya hewa nafasi ya kutoweka na gamba nafasi ya kulainika. Siku hizi vidole havingoji. Kitufe cha kusafisha hubonyezwa mfululizo, wino ndani ya tangi hushuka, sponji hujaa, na kihesabu kilicho ndani ya printa kinapofika kikomo chake mashine hugoma kabisa, kisha mwenyewe husikika akilaani ubovu wa bidhaa za kisasa.

Makosa mengine hayahitaji maneno mengi: karatasi ya kung'aa iliyowekwa kifudifudi, kompyuta iliyoambiwa kwamba karatasi ni ya kawaida, au wino wa kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana, ambao hufifia ukichapwa kwenye karatasi kwa kuwa rangi yake hukolea baada ya joto la pasi, uliomiminwa katika tangi la picha kwa sababu ya bei tu.

Ufundi huu haukuzaliwa na printa. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko Zanzibar mwaka 1930, na N. V. Parekh alipofungua studio yake Mombasa mwaka 1942, picha ilitokea polepole ndani ya bakuli la dawa katika chumba cha giza, na mpiga picha aliamua kwa jicho ni wakati gani iondolewe. Picha nyeusi na nyeupe za aina hiyo bado zinaning'inia katika nyumba za Ukambani, babu amesimama wima na koti lake, kila uzi wa kola ukionekana, ilhali picha za rangi zilizochapwa majuzi kwa wino wa bei ya chini zimeanza kupauka zikiwa katika fremu zilezile.

Kinachosikitisha ni kwamba picha mbovu haimshangazi mtu tena. Simu imewazoesha watu kuziona nyuso zao zikilainishwa na kubadilishwa rangi na programu, kiasi kwamba marehemu mwenye uso wa kijani huwekwa mbele ya waombolezaji, huchapwa katika kitabu cha ratiba ya mazishi, na hakuna mwana wala binti anayesema kwamba mama hakuwa hivyo. Mteja wa zamani angeirudisha picha hiyo dukani siku hiyohiyo, na fundi angelazimika kuichapa upya kwa wino wake mwenyewe; kwa hasara hizo ndogo ndogo vijana waliokaa chini yake walijifunza kuitafuta njano kwenye karatasi nyeupe. Leo picha hairudi, kijana aliyeachiwa kibanda hufungua kazi asubuhi bila kuchapa karatasi ya majaribio, na hakuna anayemdai.